Maswali wanayoulizwa watoto wetu kule Marekani

(Hotuba iliyotolewa kwenye mukutano wa wanamemba. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)

 Najua leo ni siku ya soko.

Wengine wameniuliza: wewe unatufundisha mambo ya vyoo, ya mbegu, ya likelemba, sasa serikali ya Marekani inatuhusu nini? Nitawaambia. Mama mumoja wa likelemba yetu alikuja kwangu na simu mukononi. Binti yake, ambaye alitoka Nyarugusu akapelekwa Marekani, alimutumia sauti akisema: Mama, uniombee, karibu nifanye mutihani wa uraia, wataniuliza mambo ya Congrès na ya prezida. Mama akaniuliza, huyu mutoto anataka kuwa depite? Tukacheka. Kisha akaniambia jambo lingine, na hapo sikucheka tena. Kuna bwana aliyepita kwake akisema anajua mutu wa ndani ya Congrès ambaye anaweza kusaini viza yake, bei ni dola 400. Mama alikuwa amekwisha kumupa 150. Feza za likelemba.

Nikaona kwamba kama huyu mama angejua yale ambayo binti yake anajifunza, yule bwana asingepata hata franki moja. Ndiyo maana tuko hapa.

Tuanze na mutihani wenyewe. Mutu aliyefika kule kama mukimbizi anakaa mwaka mumoja, ndipo anaomba kadi ya ukaaji, ile wanayoita kadi ya kijani. Akitimiza miaka 5, anaweza kuomba uraia. Anaitwa kwenye biro ya uhamiaji, anakaa mbele ya afisa, hakuna karatasi ya kujaza majibu: afisa anauliza kwa mudomo, naye anajibu kwa mudomo. Anapimwa pia kama anaweza kusoma na kuandika Kiingereza kidogo. Kwa waliopeleka maombi tangu tarehe 20 mwezi wa 10 mwaka 2025, maswali ya kujifunza ni 128. Afisa anachagua 20, na mutu anapaswa kupata 12. Zamani yalikuwa 100, unaulizwa 10, unapata 6. Ukishindwa, unaitwa mara ya pili kabla hawajakataa ombi lako. Na wazee wasikate tamaa: mutu wa miaka 55 aliyekaa na kadi ile miaka 15, ao wa miaka 50 aliyekaa nayo miaka 20, haombwi Kiingereza. Anajibu maswali kwa lugha yake, hata Kiswahili, akiwa na mutafsiri.

Maswali hayo yote 128 serikali yenyewe imeyaweka kwenye mutandao, bure, pamoja na majibu. Kwa hiyo mutu akiwauzia maswali ya siri, mumuambie hakuna siri.

Bon. Sasa ndani ya maswali kuna nini? Mengi yanazunguka jambo moja: nani anafanya nini. Wamarekani walijitenga na mufalme wa Uingereza tarehe 4 mwezi wa 7 mwaka 1776, wakati huo walikuwa makoloni 13. Katiba yao waliiandika mwaka 1787 katika muji wa Philadelphia. Walikuwa wamechoka na mutu mumoja kushika kila kitu, basi wakagawa mamlaka mara tatu. Congrès inatunga sheria. Prezida anazitekeleza. Mahakama inazitafsiri, na inaweza kusema hii sheria, ao hii amri ya prezida, inavunja katiba, itupwe.

Congrès ina vyumba viwili. Baraza la Wawakilishi lina wadepite 435, wanachaguliwa kila miaka 2. Seneti ina watu 100, wawili kwa kila jimbo, hata jimbo likiwa dogo namna gani, na wanakaa miaka 6. Hapa kuna kitu kitawafurahisha. Kwetu Kongo, maseneta wanachaguliwa na wadepite wa provensi, na munajua wenyewe maneno yanayosemwa juu ya feza wakati wa kura hizo. Marekani nao walianza hivyohivyo: maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Manunguniko yakawa mengi, rushwa ikatajwa, mwisho wakabadilisha katiba mwaka 1913, na tangu hapo raia wenyewe ndio wanamuchagua seneta. Iliwachukua zaidi ya miaka 120. Mimi huwa nakumbuka hesabu hiyo nikisikia kijana anasema kwetu hakuna kitu kitabadilika.

Gavana naye anachaguliwa na raia wa jimbo lake, na prezida hawezi kumufukuza.

Sheria moja ikitaka kupita inapaswa kukubaliwa na vyumba vyote viwili, kisha prezida anasaini. Akikataa, Congrès inaweza kuipitisha kwa nguvu, lakini lazima theluthi mbili ya kila chumba. Sasa turudi kwa yule bwana wa dola 400. Mutu wa Congrès, hata awe mukubwa namna gani, ni mumoja kati ya 535. Yeye hasaini viza. Viza inatolewa na afisa wa ubalozi, na ubalozi uko upande wa prezida, hauko chini ya Congrès. Umeona? Yule bwana alichanganya nyumba mbili.

Lakini uongo wake ulikuwa na kipande cha ukweli, ndiyo maana ulishika. Ni kweli kwamba kule, mutu anayeishi katika eneo la depite fulani anaweza kwenda kwenye biro ya depite huyo na kusema: karatasi za mama yangu zimekwama, naomba muniulizie. Biro itaandika barua kuuliza. Ni kazi yao, na hawalipishi hata senti. Barua hiyo inauliza tu, haiamui. Na anayeenda kuomba ni mutoto aliye kule, si mutu anayepita kwetu na bahasha.

Sasa tuseme juu ya prezida. Hapa nitaungama. Mwisho wa mwaka 2020 nilikuwa animatere kambini, upande wa pili wa ziwa. Matokeo ya kura za Marekani yalipotoka, nilisimama mbele ya watu nikasema: prezida mupya ameshinda, sasa safari zitafunguka. Nilisema kama mutu aliyesoma, na watu wakaniamini. Familia moja ilikuwa imeandikisha majina ya kurudi Kongo. Ikayatoa ili ingojee Marekani.

Ilikwenda namna gani? Kwa sheria ya mwaka 1980, kila mwaka prezida anapanga idadi ya juu ya wakimbizi watakaopokelewa, akiisha kushauriana na Congrès. Mwaka ule wao wa hesabu, unaoanza mwezi wa 10, idadi ilikuwa imepangwa 15,000. Prezida Biden aliapishwa tarehe 20 mwezi wa 1 mwaka 2021, na ni mwezi wa 5 tu ndipo aliipandisha ikawa 62,500. Walioingia kweli hadi mwisho wa mwaka ule ni 11,411. Kupanga idadi ni kitu kimoja, lakini maafisa wa kuhoji, uchunguzi wa usalama, biro za kupokea watu, hizo hazisimami kwa siku moja. Familia ile bado iko kambini mpaka leo. Wameshanisamehe, ao wanasema hivyo.

Na idadi inaweza kushuka vilevile. Kwa mwaka wa 2025 ilipangwa 125,000. Prezida Trump alipoapishwa, tarehe 20 mwezi wa 1 mwaka 2025, siku ileile alisimamisha mapokezi ya wakimbizi. Watu wakaenda mahakamani, na kwa mwaka uliofuata idadi ikapangwa 7,500. Sisemi haya ili tuingie katika siasa zao. Nasema ili mujue kwamba hata prezida akiwa na nguvu hiyo, ameipata katika sheria ya Congrès, na mahakama inamuangalia.

Tena sisi tuliorudi, tusijidanganye. Programu ile ni ya wakimbizi. Sisi tumerudisha kadi za ukimbizi, tumeandikwa kama raia waliorudi kwao. Mutu akikuambia anaweza kukuingiza katika orodha ya wakimbizi huku unalima shamba lako Fizi, muache aende.

Katika historia yao kuna sehemu ambayo mimi niliisoma mara mbili. Ile katiba ya 1787 inaanza na maneno Sisi Watu, lakini kati ya watu hao watumwa hawakuhesabiwa, na wengi walikuwa watoto wa Afrika, wengine walibebwa kutoka mwambao wetu wa Kongo, kwenye mudomo wa muto. Mwaka 1790 Congrès ilitunga sheria ya kwanza ya kuwapa wageni uraia. Ilisema: mutu huru mweupe. Basi. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ilisema mutu mweusi, hata akiwa huru, hawezi kuwa raia wa Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, 1861 hadi 1865. Utumwa ukafutwa katika katiba mwaka 1865. Mwaka 1868 wakaandika kwamba kila aliyezaliwa pale chini ya sheria zao ni raia. Na mwaka 1870 sheria ya uraia ikafunguliwa kwa watu waliozaliwa Afrika na wazao wao.

Binti wa mama yetu akiinua mukono kuapa, anapita katika mulango uliofunguliwa mwaka ule. Kabla ya hapo, mutu wa Fizi hangeweza hata kuomba. Kupiga kura lilikuwa jambo lingine: wanawake wa nchi nzima walihakikishiwa kura mwaka 1920, na watu weusi wa majimbo ya kusini, ingawa haki iliandikwa mwaka 1870, waliendelea kuzuiwa mpaka sheria ya mwaka 1965, baada ya Martin Luther King na wengine wengi kutembea barabarani na kupigwa.

Sasa ile sehemu munayoingojea. Mutoto akipata uraia, muzazi anapata nini?

Mwenye kadi ya kijani anaweza kuombea bwana ao bibi yake, na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa. Wazazi hapana. Raia aliyetimiza miaka 21 ndiye anaweza kuombea wazazi, na kwa wazazi hakuna idadi ya mwisho kwa mwaka. Ndiyo maana majibu 12 ya binti yule yanamuhusu mama aliye huku. Kaka na dada nao wanaweza kuombewa na raia, lakini idadi yao ni kama 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na watu wanangojea zaidi ya miaka 10.

Kuna kitu hawawaambii. Muzazi akiombewa, karatasi ni yake peke yake. Hawezi kubeba watoto wadogo walio nyumbani kwenye karatasi hiyo. Mama yetu ana wawili wa shule ya musingi. Nilipomueleza alinyamaza muda mrefu. Afadhali alijua hapa, kuliko kujua Kinshasa siku ya mahojiano.

Maombi yanaanzia kule: mutoto ndiye anayejaza, ndiye anayelipa serikali ya Marekani, kisha karatasi zinafika ubalozini. Musitume feza kwa mutu wa katikati. Mutunze vitu vyenu: karatasi ya kuzaliwa, ya ndoa, majina yaandikwe namna moja kila mahali. Jina likiwa na herufi tofauti kwenye kadi ya kambi na kwenye kadi ya uchaguzi, mutaulizwa. Tena serikali ile inaweza kusimamisha viza za nchi fulani kwa muda, hata mutu akiwa amefanya kila kitu vizuri. Kwa hiyo musiuze parsele. Mulime.

Mama ananiruhusu niseme: zile 150 hazijarudi, na bwana yule hashiki simu. Kamati ya likelemba itaketi juu ya jambo hilo siku ya posho. Binti yake atafanya mutihani mwezi ujao. Kila jioni mutandao ukipatikana, mama anamuuliza kwa Kiswahili: maseneta wangapi? Yule anajibu kwa Kiingereza, na mama anaangalia kwenye karatasi niliyomuandikia kama namba ni ileile.

Nakala 10 za karatasi hiyo ziko kwa sekretere. Sasa muniulize, tuanze na wamama waliokaa nyuma.