Hofu na Neno la Kweli



Sisi wenye asili ya Gujarat humtaja Mahatma Gandhi, mzaliwa wa Porbandar, kana kwamba alizaliwa shujaa. Sivyo. Utotoni aliogopa giza, wezi na nyoka. Alirejea kutoka Uingereza mwaka 1891 akiwa wakili. Lakini katika kesi yake ya kwanza huko Bombay alisimama, kichwa kikamzunguka, akaketi bila kuuliza swali hata moja.

Mwaka 1893, mjini Pretoria, aliwahutubia Wahindi wenzake, wengi wao wafanyabiashara Waislamu. Haya haikuwa imemwisha, ila safari hii alikuwa na neno walilolihitaji: ukweli katika biashara. Mikutano ikaendelea, hata asibaki Mhindi mjini humo asiyemfahamu.

Nasi wenye maduka tuna hofu zetu: kumweleza mteja kasoro ya bidhaa, kumkabili anayetudai wakati fedha haijapatikana, kunena mbele ya majirani. Tukingoja hofu iishe kwanza, hatutanena kamwe. Tutangulize haja ya mwenzetu, nao ulimi utafunguka. Na imani ya jirani ndiyo faida yetu.