VIGAE: PAA LA UDONGO LILILOSHINDA MOTO



Kiangazi kilichopita cheche moja ya jikoni iliunguza nyumba tatu hapa kijijini. Zote zilikuwa za nyasi. Tangu siku ile wengi mmeniuliza: "Mwalimu, fedha za bati hatuna, tufanyeje?" Leo tuzungumze juu ya vigae vya udongo.

Vigae si kitu kipya. Huko Lerna, nchi ya Ugiriki, watu waliezeka kwa vigae vya udongo wa kuchoma zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Baadaye Warumi walivieneza Ulaya. Walitumia vigae vya aina mbili: bapa chenye kingo, na cha mviringo cha kufunika maungio.

Mwaka 1212 moto mkubwa uliunguza mji wa London, Uingereza. Baada ya hapo wakuu wa mji walipiga marufuku kuezeka upya kwa nyasi na matete. Mnaona? Hata wao walifundishwa na moto, kama sisi.

Mwaka 1841 ndugu wawili wa Ufaransa, akina Gilardoni, walitengeneza kigae chenye mifereji. Kigae hicho hushikana na mwenzake, maji yasipenye. Mwaka 1865 wamisionari wa Basel walianzisha kiwanda cha vigae kule Mangalore, India. Vigae vya Mangalore vilikuja kwa meli mpaka pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Sasa tuseme kweli. Kigae hakiungui. Mvua ikinyesha hakipigi kelele kama bati. Lakini ni kizito. Kigae kimoja cha Mangalore kina kilo 2 hadi 3, na mita moja ya mraba inataka vigae 15 hivi. Haya, pigeni hesabu: ni kilo 30 hadi 45! Ukiviweka juu ya fito, paa litabonyea. Yatakiwa kenchi na papi za mbao imara.

Na kuni je? Tanuri hula kuni nyingi. Tukikata miti bila kupanda, tutapata paa na kukosa kuni za kupikia.

Shauri langu ni hili. Tuanze na majiko, maana moto huanzia huko, na paa lake ni dogo. Udongo mzuri wanaujua mama zetu wafinyanzi. Tuwaulize wao kwanza. Na kabla ya kuwasha tanuri, kila nyumba ipande miti.