UFUGAJI MKUBWA WA KUKU MASHAMBANI NA WAJIBU WA WATOA VIBALI
Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi

Ombi la kujenga banda la kuku huonekana jambo dogo. Mtu ana shamba lake na fedha zake, naye anataka kuzalisha chakula. Afisa wa mipango hutazama ramani, hupima umbali kutoka barabarani, kisha hutia saini. Lakini banda moja la kisasa laweza kuchukua kuku wa nyama 50,000. Kuku hao hukua kwa wiki tano au sita tu, huondolewa, banda husafishwa na vifaranga wengine huingizwa. Mabanda manne ya namna hiyo ni sawa na kiwanda kilichowekwa katikati ya mashamba. Kama ilivyo kwa kiwanda chochote, hapana budi kuulizwa mapema: taka zake zitakwenda wapi?

Swali hilo limewashughulisha sana watu wa Uingereza katika miaka ya karibuni. Yaliyowafika yafaa kuzingatiwa na kila mwenye dhamana ya kutoa vibali.

Katika England, shughuli yenye nafasi za kuku zaidi ya 40,000 haina budi kupata kibali cha mazingira kutoka kwa wakala wa Serikali. Kadhalika, mradi wa kuku wa nyama zaidi ya 85,000, au wa kuku wa mayai zaidi ya 60,000, ni lazima ufanyiwe tathmini ya athari za mazingira kabla ya halmashauri kutoa idhini ya ujenzi. Hivyo milango ni miwili: mlango wa wakala na mlango wa halmashauri. Kasoro iliyojitokeza ni kwamba wa mlango mmoja alidhani mwenzake amekwisha kukagua.

Mfano ulio wazi ni wa Shropshire, wilaya ya wakulima iliyo karibu na mpaka wa Wales. Mwaka 2017 halmashauri ya huko iliidhinisha mabanda manne ya kuku wapatao laki mbili. Samadi itokayo mabandani ilikusudiwa kumwagwa katika mashamba, na sehemu yake katika mashamba ya watu wengine. Mkaazi wa jirani alilalamika kuhusu harufu na vumbi. Halmashauri iliona kwamba kibali cha wakala kingetosha kulidhibiti jambo hilo. Mahakama Kuu ilikubaliana na halmashauri, lakini mnamo Mei 2019 Mahakama ya Rufaa iliifuta idhini hiyo. Majaji walieleza kwamba kibali cha wakala hakikudhibiti samadi inayomwagwa katika ardhi ya watu wengine. Athari za kuihifadhi na kuitawanya samadi hiyo zilipasa kutathminiwa kabla ya uamuzi, nazo hazikutathminiwa ipasavyo.

Mwaka 2025, katika wilaya hiyo hiyo, Mahakama Kuu ilifuta idhini nyingine, ya mradi wa kuku wapatao 230,000. Suala la taka zinazotawanywa mashambani lilikuwa tena miongoni mwa yaliyobishaniwa. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, kamati ya mipango ya halmashauri moja ya Norfolk, mashariki ya England, ilikataa ombi la kufuga kuku wapatao 870,000 pamoja na nguruwe 14,000. Kamati iliona kwamba mwombaji hakutoa maelezo ya kutosha kuhusu athari za mradi wake kwa mazingira.

Ndugu wananchi, sababu ya ukali huo inaonekana katika Mto Wye. Mto huo una urefu wa kilomita zipatazo 250, nao huanzia katika milima ya Wales. Katika bonde lake hufugwa kuku wanaokadiriwa kufika milioni 20. Idadi hiyo haikuletwa na mtu mmoja wala kwa ombi moja. Mabanda yaliongezeka moja baada ya jingine, na kila ombi liliamuliwa peke yake.

Samadi ya kuku ina fosforasi nyingi. Ni mbolea nzuri ikitiwa kwa kiasi, lakini ardhi iliyokwisha kushiba haiwezi kupokea zaidi. Mvua hukokota udongo na fosforasi hadi mtoni, mwani wa kijani huota kwa wingi na kuyaziba maji, mimea ya chini hukosa mwanga, na usiku oksijeni hupungua hadi samaki kudhoofika. Mwaka 2023 taasisi ya Serikali inayosimamia hifadhi iliishusha daraja hali ya mto huo. Maji machafu ya majumbani nayo yana sehemu yake katika uharibifu huo, lakini kilimo kimetajwa kuwa chanzo kikubwa.

Si haki kuwatupia wakulima lawama zote. Wengi wao walijenga kwa idhini halali, wakakopa benki, wakategemea mikataba ya kuuza kuku wao. Idhini inapofutwa baada ya miaka miwili ya kesi, hasara ni yao. Mkulima huumizwa na uamuzi wa haraka kama jirani yake anayeshindwa kufungua madirisha.

Mafunzo ni matatu. Kwanza, uamuzi usiishie kwenye kuta za banda. Ufuate samadi hadi inapomwagwa. Pili, ombi lipimwe pamoja na mabanda yaliyokwisha kujengwa, kwani ardhi na maji hupokea jumla ya yote. Tatu, ofisi moja isitegemee kwamba ofisi nyingine imekagua, mpaka ithibitishe kwa maandishi nini hasa kilichokaguliwa.

Kwa Zanzibar mafunzo haya si ya mbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 3 ya mwaka 2015 imeweka utaratibu wa tathmini ya athari za mazingira. Aidha, sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya chokaa yenye nyufa na mapango, na maji ya kunywa hutoka zaidi chini ya ardhi. Katika maeneo ya uwanda, ambako udongo ni haba, kinachomwagwa juu huweza kufika kwenye maji bila ya kuchujwa vya kutosha. Mto uliochafuka huonekana kwa macho; kisima kilichochafuka hujulikana baada ya watu kuugua.

Kwa hiyo, mfugaji anayetaka kupanua mradi wake anashauriwa aeleze tangu mwanzo samadi itahifadhiwa wapi, nani ataichukua, na itatiwa katika mashamba gani. Sheha na wananchi wanaoishi jirani wasikilizwe kabla ya msingi kuchimbwa. Na afisa anayetia saini aulize kisima cha karibu kiko wapi.

Kitoweo kinahitajika na ajira inahitajika. Maji nayo yanahitajika, na hayana badala yake.