Miaka ya mutoto haipimwe na sikio



Leo tunaongea juu ya miaka ya mutoto kuingia maternele. Sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 iko wazi: maternele ni ya watoto wa miaka 3 mpaka 5. Ku miaka 6, mutoto anaingia primere.

Lakini nini inaonyesha kama iko na miaka ngapi? Ni karatasi ya kuzaliwa ya eta sivil. Watoto wengi hawana. Basi shule inawapima kwa macho. Ku primere, wengi wetu tunakumbuka: pitisha mukono juu ya kichwa, shika sikio la ngambo ingine. Haifike? Rudi nyumbani, utakuja mwaka kesho.

Wandugu, huku kwetu watoto wengi ni wafupi juu ya njaa. Mutoto aliyekimbia vita Beni, akila mara moja kwa siku, mukono wake utafika wapi? Vita ilimunyima chakula, na sisi tunamunyima mwaka wa masomo.

Sheria ya familia, vile ilirekebishwa mwaka 2016, inapatia wazazi siku 90 za kuandikisha mutoto. Zikipita, inafaa kwenda ku tribinali kutafuta hukumu, na franga zinatoka. Mama aliyezalia njiani akikimbia, zile siku 90 alikuwa wapi?

Kwa hiyo tunadai mambo tatu. Eta sivil ifike ku maternite na ku kambi za wakimbizi. Wenye kukimbia vita wasilipe franga ya hukumu. Na hakuna mutoto kurudishwa juu ya mukono: kama karatasi ya kuzaliwa haiko, waangalie karatasi ya kilo na chanjo, wasikilize muzazi.

Na sisi? Tuko wengi wenye diploma bila kazi, miye mumoja wao. Wakati tuko nayo. Juma hili, kila mumoja apite nyumba kwa nyumba ku avenue yake, aulize: nani amezaa? Siku 90 hazijaisha? Basi tumusindikize ku eta sivil, tuwe wawili ao watatu. Mutumishi akiomba franga ya chini ya meza, tumuulize kwa heshima: ni sheria gani inasema vile? Na tusitoke pale bila karatasi.