Kihisi Hakibishi Hodi

Msikilizaji, mzee aishiye peke yake mjini Durban akianguka bafuni usiku, analohitaji kwanza ni mtu wa kujua. Hapo ndipo vihisi visivyotumia waya vinapofaa. Ni vifaa vidogo vya betri vinavyobandikwa ukutani au mlangoni. Havipigi picha. Hutambua joto la mwili unaopita au mlango unaofunguliwa, kisha hutuma ishara ya redio kwenye mtambo uliomo nyumbani. Asubuhi ikipita pasipo mlango wa jikoni kufunguliwa, mwanawe hupata ujumbe katika simu ya mkononi.

Hata hivyo, mpango huu humfaa zaidi aishiye peke yake. Kule Umlazi na KwaMashu, mabibi wengi huishi na wajukuu. Mtoto akifungua mlango, kihisi hakijui kwamba bibi angali kitandani. Kwake yeye, kitufe cha kuvaa shingoni chaweza kufaa zaidi. Tena, mgao wa umeme uliokithiri mwaka 2023 ulikumbusha kwamba mtambo usio na betri ya akiba hunyamaza umeme unapokatika.

Sheria ya Wazee ya Afrika Kusini, ya mwaka 2006, inataka huduma zitakazomwezesha mzee kubaki nyumbani kwake kwa muda mrefu iwezekanavyo. Nayo sheria ya mwaka 2013 ya kulinda taarifa binafsi inampa haki ya kujulishwa yanayokusanywa juu yake.

Basi kabla ya kuuliza bei, familia na ijiulize: ishara ikilia saa nane usiku, ni jirani gani mwenye ufunguo?