Mgonjwa Naye Apewe Kazi

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa Kisii na Nyamira baada ya swala ya alasiri, mwezi wa Ramadhan)



 Nimeombwa niongee juu ya subira wakati wa maradhi. Kisa cha Nabii Ayub (A.S.) mnakijua, pengine kunishinda mimi. Kwa hivyo leo nitapitia njia nyingine: nitaongea juu ya viwavi. Msicheke, nisikilizeni kwanza.

Wengi wetu tukisikia kiwavi tunafikiria shamba la mahindi. Tangu wale viwavijeshi wageni waingie Kenya mwaka wa 2017, mkulima wa huku akiona kiwavi anaua kwanza, anauliza baadaye. Lakini si kila kiwavi ni adui. Kuna kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa yake nyeusi zenye madoa meupe. Mmemwona kando ya barabara na kwenye malisho. Wataalamu wanamwita Danaus chrysippus, na wengine wanamwita monaki wa Afrika, kwa sababu ni wa ukoo mmoja na yule monaki wa Marekani anayesafiri maelfu ya kilomita mpaka Mexico kukimbia baridi. Huyu wetu naye ana historia: alichorwa kwenye makaburi ya Misri ya kale zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

Mimi nilianza kumfuga nilipougua. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilipimwa nikapatikana na kifua kikuu, nikarudi nyumbani upande wa Nyamira. Dawa ni za miezi sita, kila siku bila kuruka: miezi miwili ya kwanza aina nne, minne inayofuata aina mbili. Mwili unachoka, mkojo unageuka rangi ya chungwa, na watu wanakaa mbali. Mwenzangu mmoja wa bweni, tuliyekuwa tukifuturu sahani moja, aliacha hata kupokea simu yangu. Nyumbani nako huruma ilizidi. Usibebe maji. Usichume chai. Usiguse jembe. Lala! Sasa mtu akilala mchana kutwa, anaanza kujiuliza Mwenyezi Mungu anamuadhibu kwa lipi.

Siku moja mdogo wangu wa gredi ya nne alileta tawi lenye viwavi watatu, kazi ya sayansi aliyopewa shuleni. Alipokwenda shule kesho yake, mimi ndiye niliyebaki nao.

Kumfuga si kazi ngumu, lakini haitaki mapumziko. Kiwavi huyu hali kila jani. Anakula majani ya ile mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, mmoja wao ni kile kichaka cha majani membamba, matunda yake yamefura kama puto na yana nywele nywele. Utomvu ule ni sumu ya moyo, na ukikuingia jichoni unaumiza, kwa hivyo lazima unawe mikono. Yeye anaila sumu hiyo, anaiweka mwilini mwake, na ndege akimwonja anamtema. Utamtambua kwa mistari meusi na meupe, madoa ya njano na jozi tatu za pembe laini nyeusi. Yule wa Marekani ana jozi mbili tu.

Nilichukua ndoo ya plastiki, nikaifunika kwa kipande cha neti ya mbu. Yai huanguliwa kwa siku chache. Kiwavi hula kama wiki mbili, akivua ngozi kila anapokua, kisha anajining'iniza na kuwa pupa. Baada ya wiki moja au mbili hutoka kipepeo, na kwa baridi yetu ya Nyamira siku zinaongezeka. Kila asubuhi lazima utoe kinyesi, upanguse ndoo, ulete majani mabichi. Ukiacha uchafu, maradhi yanaingia.

Basi baada ya swala ya alfajiri nilimeza dawa zangu kabla ya kula, kisha nikaenda kutafuta majani. Vidonge na majani vikawa saa moja. Sikuwahi kusahau dawa, kwa sababu kulikuwa na walionisubiri.

Msidhani huu ni mchezo wa watoto. Kule Gede, pwani, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, tangu 1993 kuna mradi unaoitwa Kipepeo. Wanakijiji hufuga viwavi wa aina mbalimbali majumbani, na pupa wao huuzwa mpaka Ulaya. Ni riziki ya halali, na inawapa sababu ya kuutunza msitu.

Sasa nisikilizeni hapa. Kwa jumla nilifuga viwavi 20, wakapepea 11. Tisa walikufa. Wengine walilegea wakawa weusi. Wengine walitagiwa mayai na nzi, funza wakawala kwa ndani. Na wataalamu wamegundua kuwa kuna bakteria katika vipepeo hawa, hasa sehemu za Nairobi, inayoua watoto wa kiume wakiwa bado mayai, hivyo mama anabaki na mabinti watupu. Nikajiuliza: huyu kiwavi alikosa nini? Aliiba? Aliacha swala? Hakukosa kitu. Aliugua tu, kama viumbe wanavyougua.

Kifua kikuu nacho kina bakteria yake, aliyoigundua Robert Koch mwaka wa 1882. Sio laana, na hakuna jirani aliyekuroga. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu sote tunakumbuka Marani mwaka wa 2021, kina mama wazee wanne walivyouawa kwa tuhuma za uchawi. Kijana Muislamu asikutwe katika kundi kama lile, wala asikae kimya likipita.

Mtu atasema: ahaa, mgonjwa ni kama pupa, ipo siku atatoka na mabawa. Mimi sisemi hivyo. Wapo wasiopona, na tisa wangu hawakutoka. Kilichonifaa ni ile kazi ya asubuhi, hata siku ambazo hakuna kipepeo aliyetoka. Subira sio kulala ukingoja. Subira ni kufanya kile kidogo unachoweza, leo, na kesho tena.

Kwa hivyo nina maombi manne. Kwanza, mgonjwa atumie rukhsa aliyopewa na Mola wake. Asibadilishe saa za dawa ili afunge bila kumuuliza daktari. Akipona atalipa siku zake. Pili, walio nyumbani wampe kazi anayoiweza: achambue mchele, asomeshe watoto Qur'an, afuge kuku, hata viwavi. Tatu, mtembeleeni. Aliyekwisha kutumia dawa sawasawa kwa wiki kadhaa kwa kawaida haambukizi tena. Fungueni madirisha, muulizeni daktari, kisha ketini naye. Nne, kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda ukapimwe. Dawa za kifua kikuu ni bure katika hospitali za serikali.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu wanaowauguza, na atukubalie swaumu zetu. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.