Sahihi ya Mhandisi ni Amana

Mada iliyotolewa kwa wahandisi, mafundi na wajumbe wa kamati za ujenzi



Nimeombwa niseme juu ya wajibu wa mhandisi katika kazi za ujenzi. Somo hili ni pana, kwa hiyo nitashika jambo moja tu, nalo ni sahihi yake.

1. Ahadi hii ni kwa nani?

Mhandisi anapotia sahihi na mhuri juu ya ramani, anamwahidi nani? Wengi watajibu kwamba anamwahidi mwenye jengo, maana ndiye amlipaye. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Mwenye jengo yumo katika mkataba na aweza kujitetea. Lakini mpangaji wa ghorofa ya tatu, mama auzaye chakula kando ya ukuta, na saidia fundi abebaye zege hawakuiona ramani hiyo. Wanaingia chini ya dari kwa kuamini tu. Sahihi ile ni amana yao iliyowekwa mikononi mwa mtu wasiyemjua.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22 aya ya 8, chamwamuru ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, asije akabeba hatia ya damu mtu akianguka. Tuone kwamba amri hiyo haingoji mtu aanguke, wala haiulizi atakayeanguka ni nani. Na katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana wetu ataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akikataa dhana kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Basi nasi jengo likianguka tusiwatwishe marehemu hatia, wala tusimtwishe Mungu kwa kusema upesi kwamba ni mapenzi yake. Kwanza tuulize nani alitia sahihi, na alitazama nini kabla ya kuitia.

2. Badiliko dogo, msiba mkubwa

Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, njia mbili za juu, zilizoning'inizwa ukumbini moja chini ya nyingine, zilianguka juu ya watu waliokuwa katika tafrija. Walikufa watu 114, na zaidi ya 200 wakaumia.

Katika mchoro wa kwanza, fito ndefu za chuma zilitoka darini, zikapita katika njia ya juu na kufika ile ya chini. Ili kurahisisha kazi, kila ufito uligawanywa kuwa viwili, na njia ya chini ikaning'inizwa kwenye ile ya juu. Fikirini watu wawili wanaoshika kamba moja, kila mmoja kwa mikono yake. Sasa yule wa chini aiache kamba, ashike miguu ya mwenzake. Kamba haijaongezewa mzigo, lakini mikono ya yule wa juu inabeba uzito wa wawili. Ndivyo ilivyokuwa kwa maungio ya njia ile ya juu. Michoro yenye badiliko hilo ilipitishwa, na hesabu ya maungio yale haikufanywa upya. Baadaye wahandisi waliohusika walinyang'anywa leseni zao katika jimbo la Missouri.

3. Hapa kwetu

Msiba huu hauko mbali nasi. Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, likawafukia wafanyabiashara na wateja wao.

Sisemi kwamba sababu zao ni moja. Nasema tu kwamba kila aliye katika kazi hii ayajua majaribu yake. Maji huongezwa katika zege ili limwagike kwa urahisi, nalo hupoteza nguvu. Mchanga wa pwani wenye chumvi hutumiwa kwa kuwa ni rahisi kupatikana, na chumvi hiyo huila nondo. Zege hupimwa nguvu baada ya siku 28, lakini mwenye jengo ataka nguzo zitolewe haraka. Nguzo zilizopigiwa hesabu ya ghorofa nne hutwishwa sita. Katika kila jambo kati ya haya yupo mtu aliyepaswa kusema "hapana".

4. Wajibu wetu

Kwanza, mhandisi asiiazime sahihi yake wala kuiuza. Asitie sahihi juu ya kazi ambayo hakuikagua.

Pili, badiliko lolote la mchoro lirudi kwa aliyepiga hesabu, naye aipige upya na kuiandika.

Tatu, akipuuzwa, aandike barua kwa mwenye jengo na kwa mamlaka husika. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 imeweka Bodi ya kusimamia mwenendo wao, na raia naye aweza kuipelekea malalamiko.

Nne, sisi wa Kanisa tujitazame. Mara ngapi kamati ya ujenzi imemwendea mhandisi muumini na kumwomba atie sahihi bure, bila kumpa nauli ya kuja kukagua msingi? Mara ngapi tumeongeza roshani ya kwaya juu ya nguzo zisizopigiwa hesabu hiyo? Sadaka ya waumini haiwi sababu ya kuhatarisha maisha yao. Tumlipe mhandisi haki yake. Naye akisimamisha kazi, tusimwite mwenye imani haba.

Tano, mhandisi aliyekataa asiachwe peke yake. Atakosa kazi, na wanawe wana ada ya shule. Jumuiya inayomwacha ahangaike leo isishangae kesho ikiwa hakuna athubutuye kukataa.

Ndugu zangu, watakaolala chini ya dari tunazojenga hawapo hapa kutuhoji. Tufanye kazi kana kwamba wapo.